Matabibu Watatu Chini ya Paa Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Kituo cha Afya cha Kijijini

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaosimamia watumishi wa afya vijijini: waganga wakuu wa wilaya, makatibu wa afya, waganga wafawidhi na kamati za vituo. Majina na mahali vimeondolewa, na baadhi ya idadi zimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa matukio umeachwa ulivyo.

Usuli

Eneo lina wakazi wapatao 21,000 waliotawanyika katika vijiji kumi na vitatu. Lina kituo kimoja cha afya chenye vitanda 16, na zahanati nne zilizo umbali wa kilomita 8, 14, 19 na 31 kutoka kituoni. Hospitali ya wilaya ipo kilomita 94. Kiangazi ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mvua zikikolea barabara hukatika mahali pawili, na safari huchukua siku nzima au isiwezekane kabisa.

Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, ilitaka matabibu sita: wawili kituoni na mmoja kwa kila zahanati. Kwa miaka mingi waliokuwepo kwa wakati mmoja hawakuzidi watatu. Wilaya iliwagawa kwa namna iliyoonekana ya haki, yaani mmoja kituoni na mmoja katika kila moja ya zahanati mbili zilizobahatika. Kisiasa mgawanyo huo ulikuwa rahisi kuutetea, kwa kuwa kila mwakilishi wa wananchi alitaka kusema kwake kuna tabibu.

Katika miezi 36 kabla ya mabadiliko tunayoyaeleza, matabibu saba waliripoti na sita wakaondoka. Wanne kati yao hawakutimiza mwaka. Kituo cha afya chenyewe kilikaa bila tabibu hata mmoja kwa jumla ya miezi 11, na wagonjwa wakawa mikononi mwa wauguzi watatu na mkunga mmoja.

Hali hii si ya eneo hili peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu watumishi wa maeneo ya mbali, lilieleza kuwa karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, lakini wanahudumiwa na asilimia 38 tu ya wauguzi na chini ya robo ya madaktari. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart aliandika kuwa huduma nzuri huwa adimu zaidi pale penye uhitaji mkubwa zaidi. Wilaya ya kisa hiki haikuhitaji kuambiwa hayo. Ilichohitaji kujua ni kwa nini watu waliokubali kuja hawakai.

Mzunguko wa kwanza: posho na mkataba

Hatua ya kwanza ilikuwa ile inayochukuliwa karibu kila mahali. Wilaya ilitenga posho ya mazingira magumu sawa na asilimia 30 ya mshahara wa msingi, na kuambatanisha mkataba wa kutumikia miaka mitatu. Anayeondoka mapema angerudisha sehemu ya posho.

Kama chambo, posho ilifanya kazi. Tangazo lililopita lilikuwa limeleta waombaji wawili. Hili lilileta kumi na wanne. Wawili waliajiriwa, mmoja akapelekwa kituoni na mwingine zahanati ya kilomita 14. Wa kwanza aliondoka mwezi wa saba, wa pili mwezi wa kumi na moja. Sharti la kurudisha posho halikumzuia hata mmoja, maana posho yenyewe ilikuwa haijalipwa. Majina yao yalichelewa kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara, na mshahara wa kwanza ulifika mwezi wa nne. Kwa miezi mitatu mtu aliyeahidiwa nyongeza aliishi kwa kukopa kwa watu wale wale anaowatibu. Wilaya iliyokuwa inadaiwa malimbikizo haikuwa na uso wa kudai marejesho.

Kuwauliza walioondoka

Baada ya hapo katibu wa afya alifanya jambo ambalo lingepaswa kufanyika miaka mitatu nyuma. Alipiga simu kwa wote sita walioondoka. Wanne walikubali mazungumzo marefu. Akazungumza pia na tabibu aliyebaki na wauguzi watatu wa kituo.

Namna ya kuuliza ilikuwa na maana kubwa. Ukimuuliza mtumishi kwa nini aliondoka, utapata jibu la adabu: masomo, familia, afya. Barua za kuomba uhamisho zilizokuwa kwenye majalada zilisema hayo hayo. Katibu aliuliza maswali matatu tofauti: ni lini ulianza kufikiria kuondoka? Wiki hiyo kulitokea nini? Nini kingekufanya ukae mwaka mmoja zaidi?

Swali la kwanza lilifichua jambo ambalo halikutarajiwa. Wote wanne walianza kuwaza kuondoka ndani ya miezi minne ya mwanzo, ingawa wengine walikaa hadi mwaka na nusu. Uamuzi ulifanyika mapema. Kilichochelewa ni nafasi ya kwenda kwingine. Kwa hiyo mikakati iliyokuwa inalenga mwaka wa pili na wa tatu ilikuwa inamkuta mtu ambaye moyoni ameshaondoka.

Swali la pili lilileta visa vyenyewe. Mmoja alieleza usiku ambao mama alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Oksitosini inatakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji ya kituo ilikuwa imeishiwa gesi kwa siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Alichoma dozi bila kujua kama dawa bado ina nguvu. Akapiga namba ya hospitali ya wilaya. Ikaita bila kupokelewa. Alikandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono akipokezana na mkunga hadi gari lilipopatikana alfajiri. Mama alipona. Tabibu aliandika barua ya uhamisho wiki ile ile, na kwenye barua akaandika “sababu za kifamilia”.

Daftari la zamu la kituo lilithibitisha maelezo ya wote. Ukurasa wa mwezi mmoja una mistari thelathini, na safu ya tabibu wa zamu ina jina lile lile mistari yote thelathini. Pembeni, kwa wino mwingine, muuguzi ameandika saa alizokwenda kumgongea mlango: saa 7:40 usiku, saa 9:15 usiku, saa 11 alfajiri. Saa 2 asubuhi mtu huyo huyo alianza kuona wagonjwa wa nje.

Mengine yaliyotajwa yalikuwa nyumba isiyo na kitasa wala maji, mwenza asiye na kazi, na ahadi ya uhamisho “baada ya muda” isiyo na tarehe wala saini. Mshahara mdogo ulitajwa na mmoja. Mshahara uliochelewa ulitajwa na watatu. Ni malalamiko mawili tofauti, na la pili linatibika ndani ya wilaya bila kusubiri bajeti ya taifa.

Uamuzi mkubwa: kuacha kuwatawanya

Timu ya wilaya ilipoweka majibu mezani, ilikubali jambo gumu. Kwa matabibu watatu, mgawanyo wa haki ulikuwa unatengeneza vituo vitatu vya mtu mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa zamu usiku 30 kwa mwezi. Wakiwekwa pamoja kituoni, watatu hao hao wangekuwa na usiku 10 kila mmoja. Hakuna posho ambayo ingeweza kununua tofauti hiyo, na haikuhitaji kuajiri mtu wa nne.

Uamuzi ukawa huu: matabibu wote wakae kituo cha afya. Zahanati zote nne zibaki wazi zikiendeshwa na wauguzi na wakunga, na zile za kilomita 8, 14 na 19 zitembelewe na tabibu kwa pikipiki siku moja maalumu kila wiki, isiyobadilika. Ya kilomita 31 itembelewe mara mbili kwa mwezi kiangazi, na wajawazito wake waliofikisha wiki ya 38 wakaribishwe kwenye nyumba ya kusubiria uzazi jirani na kituo.

Vijiji viwili vilivyokuwa na tabibu wake vilipinga, na vilikuwa na haki ya kupinga. Mganga mkuu hakwenda na hotuba. Alikwenda na daftari la mahudhurio la zahanati yao, akawaonyesha idadi ya siku ambazo tabibu “wao” hakuwepo mwaka uliopita: likizo, ugonjwa, kufuatilia mshahara mjini, na miezi ya pengo kati ya aliyeondoka na aliyefuata. Kijiji kimoja kilikubali. Kingine kilikubali kwa sharti kwamba siku ya tabibu ikikosekana, zahanati ipigiwe simu siku moja kabla na siku hiyo ifidiwe ndani ya wiki. Sharti hilo liliingizwa kwenye utaratibu wa vijiji vyote, na baadaye ndilo lililolinda imani ya watu kuliko kitu kingine.

Kuna hesabu ambayo timu nyingi huikosa hapa. Matabibu watatu wenye likizo ya wiki 4 kila mmoja na wiki 2 za mafunzo ni wiki 18 za kutokuwepo kati ya wiki 52. Yaani kwa zaidi ya theluthi moja ya mwaka timu ya watatu ni timu ya wawili, na zamu inapanda kutoka usiku 10 hadi 15. Wilaya iliandikiana na hospitali kutoa mbadala kwa wiki hizo, na kalenda ya mwaka mzima ikajazwa kila Januari. Mbadala aliyeombwa wiki ile ile anayohitajika hapatikani.

Maamuzi mengine, na sababu zake

Mshahara wa kwanza ulishughulikiwa kabla mtu hajapanda gari. Ofisa mmoja wa utumishi alipewa jukumu hilo kwa jina: kukusanya vyeti, leseni ya taaluma, kitambulisho, namba ya akaunti na fomu zilizosainiwa, na kuhakiki kwamba herufi za jina kwenye cheti, kitambulisho na akaunti zinalingana. Tofauti ya herufi moja ndiyo iliyokwamisha mishahara miwili ya mzunguko wa kwanza. Hakuna aliyepangiwa tarehe ya kuripoti kabla jalada lake halijakamilika. Pamoja na hayo kituo kilitenga fedha za kumkopesha mgeni hadi mishahara miwili, ikatwe malimbikizo yakitoka.

Kabla ya kusaini, kila mteule alialikwa kutembelea kituo kwa siku mbili na usiku mmoja, pamoja na mwenza wake kama anaye. Alionyeshwa nyumba atakayoishi, daftari la zamu, stoo ya dawa na barabara. Kati ya watano waliotembelea, wawili walikataa. Baadhi ya wajumbe waliona hiyo ni hasara. Tunaona kinyume chake: mtu anayekataa baada ya siku mbili anagharimu nauli, ilhali anayeondoka mwezi wa saba anagharimu posho ya kujikimu, usafirishaji wa mizigo, miezi ya pengo, na imani ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu ambao wanaanza upya na mtu mwingine.

Mkataba ulifupishwa kutoka miaka mitatu hadi miwili, na ukaandikwa tarehe ya kumwachia mtu, ikiwa na saini ya mganga mkuu. Akifika tarehe hiyo ana kipaumbele cha uhamisho au ruhusa ya masomo. Hoja ilikuwa kwamba mtu asiyeona mwisho hutafuta njia ya kutoka tangu siku ya kwanza, na mwenye tarehe huweza kufunga mizigo moyoni akafanya kazi. Lilikuwa pendekezo lililobishaniwa kuliko yote.

Nyumba mbili zilikarabatiwa: vitasa, nyavu za mbu, tangi la maji la lita 2,000 linalokinga maji ya paa, na umeme wa jua. Mpangilio wa umeme ulikuwa paneli za wati 300 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200. Betri hiyo huhifadhi wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi na asidi ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo zinazotumika ni kama 1,200. Zinatosha taa, simu, kompyuta ndogo na feni. Hazitoshi pasi wala hita ya maji.

Kwa upande wa taaluma, hospitali ilimteua daktari mmoja wa kupokea simu za kituo wakati wowote, na kila Jumatano kukawa na dakika 30 za simu za kujadili wagonjwa wawili au watatu wagumu. Joto la friji ya dawa likaanza kuandikwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mtungi wa pili wa gesi ukawekwa pembeni ya friji.

Mwisho, vigezo vya kuchagua. Ushahidi kwamba waliokulia vijijini hukaa vijijini zaidi ni miongoni mwa ulio imara katika eneo hili. Japani ilijenga chuo kizima juu ya wazo linalofanana: Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanza mwaka 1972, huchukua wanafunzi kutoka kila mkoa, huwasamehe ada, na huwadai miaka tisa ya kazi katika mkoa wao. Wilaya iliongeza kwenye usaili maswali kuhusu mahali mwombaji alipokulia na kusomea shule ya msingi.

Miezi sita ya mwanzo

Matabibu watatu waliripoti ndani ya wiki tano. Mshahara wa kwanza wa wawili ulitoka kwa wakati. Wa tatu ulichelewa mwezi mmoja, na mkopo wa kituo ukatumika kama ulivyopangwa.

Mgeni hakuwekwa zamu ya usiku peke yake kwa wiki tatu za mwanzo. Alifuatana na mwenzake aliyetangulia, na wa kwanza kabisa alifuatana na mbadala kutoka hospitalini. Katika wiki hizo alitambulishwa kwa kamati ya kituo, akapelekwa kwenye kila zahanati, na akaonyeshwa hatua za rufaa: nani ana ufunguo wa gari, mafuta yanatunzwa wapi, namba ipi hupokelewa usiku. Hayo ya mwisho huweza kuonekana madogo kwa aliyeko mjini. Kwa aliye peke yake na mgonjwa saa 8 usiku ndiyo kazi yenyewe.

Katibu wa afya alipiga simu kwa kila mmoja siku ya 30, ya 60 na ya 90, akiuliza jambo moja: ni nini kimekusumbua zaidi mwezi huu? Majibu mengi yalihusu vitu vya kurekebishika: bomba lililoziba, gari lililochukuliwa na wilaya kwa mkutano, muuguzi aliyekataa maelekezo ya kijana. Utaratibu ulikuwa kwamba kila jibu lipate hatua au maelezo ndani ya siku 14. Lililoshindikana lilielezwa wazi kuwa limeshindikana.

Matokeo baada ya miezi 36

Kati ya matabibu watatu, mmoja aliondoka mwezi wa 26 kwenda masomoni kwa ruhusa yake iliyoandikwa. Wawili wengine nao walifikisha tarehe yao ya kuachiwa, na wote wawili wakaomba kuongezewa muda. Kituo hakikukaa mwezi hata mmoja bila tabibu, dhidi ya miezi 11 katika kipindi kilichotangulia. Siku za tabibu katika zahanati tatu za karibu zilitimia kwa sehemu kubwa, na zilizokosekana nyingi zilifidiwa.

Zahanati ya kilomita 31 haikufaidika hivyo. Tutairudia.

Tahadhari moja kabla ya kuhusisha matokeo na mpango. Katika mwaka wa pili daraja lilijengwa mahali pamoja kati ya pale pawili barabara inapokatika, na vyuo vilitoa wahitimu wengi kuliko nafasi za ajira. Yote mawili yalisaidia. Lakini wilaya za jirani zilikuwa na wahitimu wale wale sokoni, na vituo vyao viliendelea kubadilisha matabibu kwa kasi ile ile.

Kilichofanya kazi, na kwa nini

Kuwaweka pamoja ndiyo nguzo. Tunalisema bila kusita, kwa sababu faida nyingine zilitegemea hilo. Tabibu aliyelala usiku huona wagonjwa vizuri asubuhi, huenda zahanati ya mbali bila kinyongo, huchukua likizo yake, na ana mtu wa kumuuliza “wewe ungefanyaje?” Simu ya Jumatano nayo ilipata uhai kwa sababu watatu walikuja na wagonjwa wa kujadili. Kituo cha mtu mmoja kilichowahi kujaribu simu ya aina hiyo kiliiacha baada ya mwezi. Aliyekuwa zamu usiku kucha hakuwa na nguvu ya kuzungumza.

Tarehe ya kuachiwa ilifanya kazi kwa namna ambayo wapinzani wake hawakuitarajia. Waliohofia kwamba wote wangeondoka siku ya 730 walikosea kuhusu wawili kati ya watatu. Aliyeondoka naye alitoa taarifa mapema na kukabidhi wagonjwa wake wa muda mrefu kwa orodha iliyoandikwa. Kabla ya hapo hakuna makabidhiano yoyote yaliyowahi kufanyika kituoni.

Posho ya asilimia 30 iliendelea kulipwa, na isingekuwa busara kuifuta. Ilileta waombaji, na baada ya kulipwa kwa wakati ikaacha kuwa chanzo cha uchungu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2010 na yaliyohuishwa mwaka 2021, yanahimiza kuunganisha elimu, kanuni, motisha za fedha, na msaada wa maisha na wa kitaaluma kwa pamoja. Kisa hiki kinaonyesha sababu: fedha ilimfikisha mtu kituoni, na zamu ikaamua kama atabaki.

Kilichoshindikana

Zahanati ya kilomita 31 ndiyo somo zito. Mpango uliondoa upweke kwenye mabega ya tabibu ukauhamishia kwa muuguzi. Aliyebaki huko alikuwa muuguzi mmoja na mhudumu, na sasa hata tabibu wa jirani alikuwa hayupo. Mvua za msimu wa pili zilipokata barabara kwa wiki tano, alizalisha, akashona, akatoa dawa na kulala na simu mkononi peke yake. Aliondoka mwezi wa 17. Timu ilikuwa imehesabu usiku wa matabibu ikasahau wa wauguzi. Marekebisho yalikuwa kupeleka wauguzi wakunga wawili kwa pamoja, na kuwaondoa wote wawili kwa zamu ya miezi mitatu mitatu wakibadilishana na wenzao wa kituoni. Ni ghali, na kituo kinalalamika kupoteza mikono miwili. Mpaka sasa hatujaona njia ya bei rahisi ambayo si kumtelekeza mtu.

Simu ya hospitali ilikatika mwezi wa tano. Daktari aliyeteuliwa alihamishwa, na kwa kuwa uteuzi ulikuwa kwa jina lake na namba yake binafsi, hakuna aliyerithi. Wiki saba zilipita kabla ya mtu kugundua rasmi, ingawa matabibu waligundua usiku wa kwanza. Suluhisho lilikuwa kununua laini ya simu ya kazi inayoshikwa na daktari wa zamu wa hospitali, na kukabidhiwa kwa saini kila asubuhi pamoja na ripoti ya usiku.

Betri ya nyumba moja ilikufa mwezi wa 14. Paliunganishwa pasi, na maji ya betri hayakuwahi kuongezwa kwa kuwa hakuna aliyeambiwa ni kazi ya nani. Nyumba ya pili, ambayo mkaaji wake alipewa karatasi ya maelekezo ya ukurasa mmoja na chupa ya maji ya betri, betri yake ilikuwa bado hai mwisho wa kipindi. Kila kifaa kinachotolewa kama motisha kinahitaji mwenye jukumu la matunzo na fungu dogo la kila mwaka. Kikiharibika na kubaki hivyo, kinamkumbusha mtumishi kila jioni kwamba ameahidiwa akasahauliwa.

Kigezo cha kukulia kijijini kilitafsiriwa vibaya mara moja. Jopo lilimpendelea mwombaji aliyezaliwa umbali wa kutembea kutoka kituoni, likidhani huyo ndiye atakayekaa kuliko wote. Ndiye aliyeteseka zaidi. Ndugu walimfuata nyumbani usiku kwa dawa, wakadai kupita bila foleni, na kila lawama dhidi ya kituo ilifika kwa wazazi wake. Aliyebaki kwa raha kuliko wote alikulia kijijini kwingine kabisa, mbali na pale. Anayezoea maisha ya kijijini na anayerudi kwao ni watu wawili, na usaili unapaswa kuwatenganisha.

Kuhusu wenza, mafanikio yalikuwa nusu. Mwenza mmoja alikuwa mwalimu, na uhamisho wake kwenda shule ya jirani ulipatikana baada ya mganga mkuu kuandika mwenyewe kwa idara ya elimu na kufuatilia kwa miguu. Mwingine alikuwa fundi wa mitambo. Hakukuwa na kazi ya aina yake ndani ya kilomita 90. Waliishi mbalimbali, na kituo kilimpangia tabibu huyo zamu zilizobanwa ili apate siku nne mfululizo za kwenda nyumbani kila mwezi. Wenzake walikubali kwa kuwa wote walishiriki kupanga ratiba.

Namna ya kupima

Wilaya ilikuwa inaripoti idadi ya matabibu “waliopangwa” kwa mwaka. Kwa kipimo hicho miaka mibaya kuliko yote ilionekana mizuri, maana kila anayeondoka huleta upangaji mpya. Vipimo vilivyobadilishwa ni vitatu. Cha kwanza ni miezi-watu: nafasi tatu kwa mwaka ni miezi-watu 36, na mwaka ambao nafasi moja ilikaa wazi miezi sita ni 30 kati ya 36. Cha pili ni urefu wa pengo kati ya anayeondoka na anayeripoti. Cha tatu ni usiku wa zamu kwa kila mtu kwa mwezi, wauguzi wakiwemo, ukisomwa moja kwa moja kutoka daftari. Kikizidi usiku 15 kwa mtu yeyote kwa miezi miwili mfululizo, mganga mkuu huarifiwa na mbadala hutumwa.

Kipimo cha pili ndicho kilichofichua kasoro iliyobaki. Tabibu wa masomo alipotoa taarifa, mchakato wa kumpata mrithi ulianzishwa miezi sita kabla, kama mpango ulivyosema. Kibali cha ajira, tangazo, usaili, ziara ya siku mbili na kukamilisha jalada vilichukua miezi minane. Kwa miezi miwili wawili waliobaki walishika usiku 15 kila mmoja. Mpango sasa unaanza miezi tisa kabla ya kila tarehe ya kuachiwa, na tarehe zote zimebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya utumishi.